Buti za Marehemu na Baiskeli ya Bi Nguchiro

Paukwa!

Pakawa!

Nani kaacha viatu mlangoni?

Mwenye miguu!

Basi kaeni, wanangu, na mwenye kupiga miayo azibe mdomo.

Alikuwapo Bi Nguchiro, mjane mdogo kama ngumi, mwenye baiskeli moja. Kwa baiskeli hiyo alitembeza vitumbua. Bila hiyo, watoto wangelala na njaa. Na alikuwapo Kiboko, tumbo kama pipa. Akiona embe: "Langu! Nani wa kunizuia?" Akiona mkeka: "Wangu! Nani wa kunizuia?" Na kila karamu alitoka wa kwanza, akachagua mlangoni viatu vizuri kuliko vyote, akaenda zake.

Siku moja akaiona baiskeli. "Yangu! Kesho tukitoka karamuni kwa Kanga, naondoka nayo. Nani wa kunizuia?"

Bi Nguchiro aliposikia, alilia? Thubutu! Alikwenda karamuni katambuga zake zimo kapuni, miguuni kavaa buti alizoziita za marehemu mumewe. Bwata! Bwata! Bwata! Buti kubwa, zinang'aa, kamba ndefu kama maneno ya wifi yangu. Sasa, marehemu alikuwa nguchiro vilevile, mdogo vilevile. Mguu ule ulikuwa wa nani? Sisemi mie.

Akazivua mlangoni, kando ya baiskeli, akapaza sauti: "Kanga, mwenzangu, buti zangu zisiguswe! Baiskeli hii bila buti hizi haiendi!"

Ndani, Kiboko akaacha kutafuna. Kisikio chake kikacheza. Akasema moyoni: "Zangu."

Wenzake wananawa mikono, yeye keshatoka. Akatumbukiza miguu katika buti. Na kamba je? Jamani, mwizi gani hukaa kitako akafunga kamba? Hata angetaka kuinama, tumbo lisingempa ruhusa. Akapanda.

Ngriii! Akaushika mteremko wa mtoni. "Nani wa kunizuia?"

Kamba zikaruka huku, zikaruka kule. Kwacha! Mnyororo ukaimeza moja. Kwacha-kwacha! Ukaimeza ya pili. Kiboko akivuta mguu, mguu hautoki.

"Jamani, nizuieni! Nizuieni!"

Pu! Topeni, yeye na baiskeli, wamefungana kama bwana na bibi harusi. Karamu nzima ikamwagika nje kutazama.

Bi Nguchiro akashuka polepole, katambuga miguuni, nyama bado shavuni.

"Shemeji Kiboko, baiskeli ya nani?"

"Yangu!"

"Haya, lala nayo." Akageuka.

"Yako, mama, yako! Nifungue, jua linanibabua mgongo!"

"Na viatu vya watu?"

"Nitarudisha vyote!"

Akazikata kamba kwa meno, kata! kata! Kisha akapanda. Zile katambuga, kipande cha tairi kuukuu tu, hazina cha kuning'inia, zikaing'ang'ania pedali kama kupe. Ngriii! "Vitumbua vya moto!"

Funzo, wanangu: msiseme uongo. Bi Nguchiro aliusema mbele ya mji mzima, na vitumbua vyake huisha kabla jua halijapanda; lakini nyie msimwige. Na mkipanda baiskeli, vaeni buti.

Hadithi yangu imefika mlangoni. Kila mtu achukue viatu vyake.