Asomaye Nusu Huvuka Nusu

"Asomaye nusu huvuka nusu." Ndivyo Mama Mchungaji alivyomjibu bwana harusi leo, aliposema mbele ya watu kwamba kazi ya mke ni kutii tu. Nyinyi wajukuu zangu mmecheka bila kujua mnachekea nini. Basi sogeeni. Methali hii ilianza hivi, nami nilikuwapo.

Baba yangu, Elinihaki, alikuwa mzee wa kanisa kule milimani Upare. Alimpenda mama, lakini kila walipopishana neno aliyafunga mazungumzo: "Maandiko yasema mke amtii mume. Nukta!" Mama yangu, Nakijwa, aliendelea tu na kazi.

Jumapili ya sikukuu ya mavuno tulitoka mapema, baba na mkungu wa ndizi begani, mama na kikapu cha maharage, mimi Namsifu na jogoo. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo. Tulipofika mtoni, maji yalikuwa mekundu, yananguruma, yanaviringisha magogo! Ng'ambo, waumini walikuwa wamesimama nje ya kanisa wakiimba.

Mama, aliyekulia kando ya mto ule, akalitazama daraja la miti.

"Baba Namsifu, nguzo ya ng'ambo imelegea. Tuzungukie juu, penye mawe makubwa ya kuvukia."

"Ibada inaanza. Tuvuke."

"Halitatubeba."

"Nakijwa! Nani kichwa cha nyumba?"

"Ni wewe, mume wangu. Ndiyo maana sitaki tukupoteze."

Baba akanishika mkono. Mama akanivuta kwake kwa nguvu ambayo sikuwahi kuiona.

"Wewe nenda ukitaka. Mtoto hapiti hapa."

Baba akaenda, shingo juu. Hatua kumi. Kumi na tano. Alipofika katikati, tukasikia miti ikivunjika, kaa! Nusu ya ng'ambo iling'oka, ikachukuliwa na maji kama jani kavu! Mkungu ukaenda nayo. Baba akabaki amekumbatia gogo, miguu inaning'inia juu ya povu. Nyimbo za ng'ambo zikageuka mayowe.

Mama hakupiga yowe. Alitupa kikapu, akajilaza kifudifudi juu ya nusu iliyobaki, akaanza kumtambalia.

"Mume wangu, usitazame maji! Nitazame mimi!"

"Nakutazama!"

"Pandisha goti la kulia. Polepole! Usisimame, tambaa!"

"Natambaa, mama!"

"Acha huo mti, umeoza!"

"Nimeuacha!"

Jamani, siku ile baba alitii! Mama akamrushia kitenge chake, akavuta, wakarudi kinyumenyume huku miti inalia chini yao, hadi wakaanguka wote wawili matopeni, ukingoni. Nikawarukia. Sijui nani alikuwa analia na nani anacheka.

Tukazungukia penye mawe. Kanisani baba aliomba kusoma Maandiko mwenyewe. Alifungua mahali pale pale alipopazoea, ila safari hii alianzia mstari wa juu yake, unaowaagiza watu wote wanyenyekeane. Akaendelea hadi mume anapoagizwa ampende mkewe kama Kristo alivyolipenda kanisa, akajitoa kwa ajili yake. Hapo akainua macho, akamtazama mama.

"Ndugu zangu," akasema, "miaka kumi na miwili nimesoma kipande kinachomhusu mke tu. Changu nilikiruka. Leo aliyejitoa ni yeye."

Nakundwa, mjane mmoja wa benchi la nyuma, akadakia, "Tumekuona, Mzee! Asomaye nusu huvuka nusu!"

Kanisa likalipuka kwa vigelegele!

Tangu hapo, kila palipokuwa na jambo, baba aliuliza kwanza, "Mama Namsifu, wewe waonaje?" Wala si kila mara mama alipatia. Siku nyingine baba ndiye aliyeona mbali, naye mama akamfuata kwa moyo mweupe. Walisikilizana hivyo mpaka wakazeeka.

Kwa hiyo, wajukuu zangu, anayeshika agizo la mwenzake na kuliacha lake hukwama njiani, watu wote wakimwangalia. Asomaye nusu huvuka nusu.