Kindi Awashukuru Wazee wa Kanisa

Hapo zamani za kale, wanangu, kabla wanyama hawajachoka kwenda kanisani, palikuwa na kanisa la mabati juu ya kilima. Kengele yake ililia nge! nge! nge! kila Jumapili, na wanyama wote walipanda kilima wamevaa viatu.

Mchungaji alikuwa Korongo, lakini alikuwa na makanisa mengi: leo yuko hapa, Jumapili ijayo yuko ng'ambo ya mto. Waliotawala hasa ni wazee watatu wa kuchaguliwa, Mzee Kiboko, Mzee Nyati na Mzee Kifaru. Walikuwa na chumba cha nyuma cha kufanyia baraza lao. Wakiingia humo, mlango unafungwa, sala inaombwa, mambo yanaamuliwa. Wakitoka, ni marufuku kusema nani alisema nini. Unaambiwa tu, "Baraza limeamua," na huna pa kulia.

Basi, kanisani humo alikuwamo Bibi Kindi, mjane, mdogo wa mwili lakini hakujua kunyamaza. Siku moja aliwaambia akina mama wenzake, "Jamani, hawa wazee wakija kumwombea mgonjwa, wanamaliza uji wa mgonjwa!"

Akina mama wakacheka kwi! kwi! kwi! Wazee hawakucheka. Baraza likaamua Bibi Kindi atengwe na Meza ya Bwana: asile mkate, asinywe kikombe, akae benchi la nyuma. Na huko, aliyetengwa akifa hapigiwi kengele wala haimbiwi. Anafukiwa tu kama ganda la ndizi.

Miaka ikapita. Bibi akaugua, akabaki mifupa na mkia. Akamwita binti yake, Kindi.

"Mwanangu, dawa sitaki tena. Nataka ule mkate kabla sijafumba macho."

Kindi akachomoka, fyuu! mpaka kwa Mzee Kiboko.

"Hodi! Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Mama anaendeleaje?"

"Anakwisha, Mzee. Naomba mumrudishe mezani."

Kiboko akashusha pumzi, pwaaa! "Ah, binti yangu! Mimi nilimtetea mama yako mpaka jasho likanitoka. Lakini wenzangu... si unajua baraza? Usimwambie mtu."

Kindi, fyuu! mpaka kwa Mzee Nyati. Nyati akafuta jicho lisilo na chozi.

"Mimi? Mimi nililia mle chumbani, binti yangu! Wenzangu ndio wagumu. Lakini iwe siri."

Kindi, fyuu! mpaka kwa Mzee Kifaru, akamkuta anakunywa chai.

"Mimi nilipiga meza, puu! Nikasema mjane aachwe! Lakini ningefanya nini peke yangu? Haya ni ya barazani, usiyatoe nje."

Mnauona uongo huo? Kila mmoja alijua hakuna wa kumuumbua, kwa sababu ya barazani hayatoki nje. Kindi alirudi nyumbani akilia kwa hasira. Katikati ya njia akasimama, akajifuta machozi kwa mkia.

"Kumbe hakuna aliyekataa," akasema. "Vizuri sana."

Ikafika Jumapili ya Meza ya Bwana, na Mchungaji Korongo akaja. Wakati wa shukrani, Kindi akaruka mpaka mbele, tup!

"Bwana asifiwe!"

"Asifiwe!"

"Nimekuja kuwashukuru wazee wetu. Mzee Kiboko, simama tukuone! Huyu alimtetea mama yangu barazani mpaka jasho likamtoka. Makofi!"

Pa! pa! pa! Kiboko hakujua la kufanya. Akatabasamu.

"Mzee Nyati, simama! Huyu alimlilia mama yangu, machozi ya kweli!"

Pa! pa! pa! Nyati akainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu.

"Na Mzee Kifaru alipiga meza, puu! Akasema mjane aachwe!"

Kifaru akafungua mdomo ili akane. Akawaona akina mama waliomchagua wakimpigia vigelegele, akaufunga.

Korongo akanyoosha shingo. "Ngojeni kidogo. Mimi niliambiwa baraza lote lina kauli moja, mama asirudishwe. Siwezi kumrudisha mtu bila wazee, ila wazee wote si hawa hapa? Tuombe."

Akaomba, na kwa sala hiyo baraza likawa limefunguliwa, kanisa zima likitazama.

"Mzee anayepinga Bibi Kindi kurudishwa, ainue mguu."

Wazee wakakanyaga sakafu kwa miguu yote minne.

"Amerudishwa!"

"Amina!" Mabati yakatetemeka.

Wakateremka kilima na mkate na kikombe, wazee nyuma wakihema. Kindi akatangulia mbio. "Mama! Mama! Wanakuja!"

Bibi akainuliwa. Akala kipande kidogo, akanywa tone moja. Kisha akawatazama wale watatu waliosongamana mlangoni.

"Nani kati yenu alinikataa?"

"Si mimi, Mama," akasema Kiboko.

"Wala mimi," akasema Nyati.

Kifaru akatikisa pembe.

"Hakuna, Mama!" Kindi akadakia, akijivunia hila yake. "Wote walikutetea, wamekiri mbele ya kanisa!"

Bibi akaushika mkono wa binti yake.

"Basi miaka yote hii niliyokaa nyuma nikiutamani mkate, nilitengwa na nani?"

Kiboko akatazama chini. Nyati akatazama ukuta. Kindi mwenyewe, mwerevu wetu, moyo ukamuuma kuliko siku zote. Bibi alikata roho akiwa bado anawatazama.

Walimzika kwa kengele na nyimbo, na wazee wote watatu wakatangulia mbele ya jeneza.

Funzo ni hili, wanangu: anayejificha nyuma ya neno "tumeamua" ndiye aliyeamua.