Tai wa Kaisari

Sogeeni. Ninayo moja leo, wala si tamu. Anayetaka ya sungura aende kwa mwingine.

Zamani Ufaransa palikuwa na kaisari aliyependa vita kuliko chakula. Kila kikosi alikipa tai wa shaba wa kukaa juu ya mlingoti, askari wakaapishwa: mfe nyote, tai asitekwe. Akawapeleka Urusi. Baridi na njaa zikawamaliza, naye kaisari akapanda gari la kuteleza juu ya theluji, huyoo, kwao! Jeshi akaliacha nyuma lijijue.

Katika kikosi kimoja walibaki watatu, wote wa kijiji kimoja. Firmin alikuwa na nguvu za punda. Anselme alikulia mtoni, akijua barafu ipi hubeba mtu na ipi humzamisha. Odile, mjane aliyewauzia askari pombe na mkate kwenye mkokoteni, alikuwa na moyo mgumu kweli.

Adui alipovamia, Firmin alimng'oa tai mlingotini akamfunga tumboni, chini ya koti. Shaba ile ya baridi ilimgandia mpaka ngozi ikabanduka, na bado hakumtupa. Bila Firmin, tai angetekwa.

Wakafika mtoni, daraja limechomwa. Anselme akatambaa mbele kwa tumbo, anagonga barafu kwa ngumi na kusikiliza. "Piteni nilipopita mimi, msiende pembeni!" Wakavuka. Vidole vyake vilikuwa vimekufa kwa baridi, ikabidi vikatwe. Bila Anselme, tai angezama pamoja nao.

Ng'ambo hawakuwa na hata punje. Odile alikuwa amevuka na farasi wa mkokoteni wake, aliyemlea kwa mikono yake tangu mdogo. Akamchinja mwenyewe. "Kuleni," akasema, "na asiniambie mtu pole." Wakala mpaka wakafika kwao, na tai wao.

Ikaja amri. Kaisari anakusanya jeshi jipya, anazoa vijana waliobaki. Lakini kwa kuwa tai amerudi, nyumba moja kati ya za hao watatu itaachiwa mtoto wake. Moja tu! Na kila mmoja wao alikuwa na mwana mmoja. Wapatane wenyewe, wataje jina la atakayebaki, askari wakifika.

"Mimi ndiye niliyembeba," Firmin akasema, macho chini.

"Ungembeba kwenda wapi, ndani ya maji?" Anselme akamjibu.

Odile akacheka, kicheko kibaya. "Kule tuligawana nyama bila ugomvi. Afadhali tungemtupa mtoni yule ndege."

"Tungemtupa," Firmin akasema, "wangekwenda wana wetu wote watatu."

Na ni kweli. Ngoma ya askari ilikuwa inasikika barabarani.

Kaisari alikufa mfungwa kisiwani. Leo amelazwa katika jeneza kubwa la mawe, na watu wanatoka mbali kuja kulitazama. Wale vijana wawili waliochukuliwa hakuna ajuaye walifukiwa wapi. Inaniuma, sifichi.

Sasa msinitazame mimi. Wala wewe usiniambie "waachwe wote". Hata mimi nalitaka hilo, ila kwenye amri halimo. Ngoma imefika mlangoni, askari anauliza jina, na wazazi watatu wanakutazama wewe.

Haya, sema: unamtaja mtoto wa nani?