Bi Pelele na Kesi ya Kongoro

Hapo zamani za kale, enzi wanyama walipokuwa na vituo vya polisi na hata kazi ya kufungua geti ilibidi ufanyiwe usaili, aliishi mama mmoja wa jamii ya pimbi, mdogo wa umbo, Bi Pelele. Haya, kaeni vizuri. Nani huyo anatafuna? Tema, usikilize!

Asubuhi moja ya baridi kali, Makame, mumewe Bi Pelele, aliingia jiko la polisi kuota moto. Akaegemea sufuria la supu ya kongoro, joto likamnogea, akasinzia. Mara akaingia Afande Chui, mkuu wa kituo, na bakuli lake. Kufunua sufuria, tupu! Akamdaka Makame palepale. Kwap!

Bi Pelele akaja mbio analia. "Afande, mume wangu hali nyama! Tangu azaliwe anakula majani!"

"Hilo linahitaji kupelelezwa," alisema Afande Chui. "Na mpelelezi sina. Kesho nafanya usaili, nitakayemwajiri ataanza na kesi hii. Mpaka hapo, mumeo yuko ndani."

"Mpelelezi?" Bi Pelele akajifuta machozi. "Mbona kazi yenyewe inaniita kwa jina? U-pelele-zi! Afande, na mimi naomba."

Akarudi nyumbani, akapiga pasi gauni, akasimama mbele ya kioo kujiuliza maswali na kujijibu. Hajafika mbali, akasikia, "Hodi!"

Alikuwa Mamba, jitu la nguvu, suti imembana mabega. "Ati na wewe unaomba kazi? Ha ha ha! Pole, dada. Kazi ni yangu. Nikiipata tu, kesi ya kongoro naifunga. Mwizi ni mumeo, basi, kwisha habari yake!"

Akacheua. Bwee! Nyumba nzima ikanuka ndimu, pilipili na kongoro.

Moyo wa Bi Pelele ukapiga paa! Kumbe ni huyu! Lakini aende kumwambia nani? Harufu haifungwi pingu. Alitamani kumrukia. Akameza hasira yake, akatabasamu.

"Kaka Mamba, mimi najaribu tu. Lakini umejiandaa kujibu?"

"Kujibu nini? Huoni meno haya?"

"Hawaulizi meno, kaka. Wanataka lugha ya kipelelezi. Mpelelezi mbichi husema, 'Mwizi aliingia, mwizi alikula.' Aliyeiva hujitia yeye ndiye mwizi. Husema, 'Niliingia, nilikula.' Tena anaeleza yote, hata vidogo vidogo. Ukiruka kitu, wanakuona mshamba."

"Kumbe! Niseme 'ni' badala ya 'a'?"

"Hayo tu."

"Mjinga wewe, umenipa siri yote!" Mamba akaondoka anajisemesha njiani: "Niliingia... nilikula..."

Kesho yake kituoni, Bi Pelele akampisha atangulie, mwenyewe akabaki mlangoni na roho mkononi. Mamba akaketi. Kiti kikalia, krrr!

"Tuseme nimekupa kesi ya supu yangu," alisema Afande Chui. "Ilikuwaje?"

Mamba akarekebisha tai. "Nilinyata jikoni, nyatu nyatu. Mpishi alikuwa ametoka kuteka maji. Nikafunua sufuria. Lo, ndimu imekolea! Nikabugia yote, fyoo! Pilipili ikanichoma, jasho likanitoka, nikajifuta kwa kofia iliyotundikwa msumarini. Ikachafuka mafuta, nikaitumbukiza kwenye pipa nyuma ya jiko. Chubwi!"

Afande Chui akajishika kichwa. Kitupu!

"Kofia yangu! Tangu jana namgombeza mke wangu bure!"

Konstebo Kanga akatumwa mbio kwenye pipa. Akarudi na kofia inachuruzika maji, mafuta yameganda ukingoni.

"Afande, ni lugha tu!" Mamba alipiga kelele. "Nilimaanisha 'a'! Aliingia! Alikula! Bi Pelele ndiye kanifundisha!"

"Kakufundisha kusema. Hakukufundisha kofia yangu iko wapi."

Mamba akafungwa pingu, kacha!

Makame akafunguliwa. Bi Pelele alipomwona, akakaa chini sakafuni, huku analia, huku anacheka. Pumzi aliyoibana tangu jana ikamtoka. Fuuu!

"Mume wangu! Nilidhani ndio basi tena!"

"Mke wangu, mle ndani kuna baridi, weee!"

"Bi Pelele," aliita Afande Chui, "ingia basi ufanyiwe usaili."

"Uniulize nini tena, Afande? Kesi si imekwisha?"

Afande Chui akacheka mpaka masharubu yakatikisika. "Kweli. Njoo kazini Jumatatu. Leo mpeleke mumeo juani."

Wakaenda, wamekumbatiana, hawana haraka. Na mimi nimefika mwisho wangu, wanangu, shikeni hili moja: mpenda sifa hujitaja mwenyewe.