Maji ya Zamu ya Kaanaeli

Mtu mmoja alikuwa na shamba la migomba kwenye mteremko wa mlima, jina lake Elisaria. Maji ya mfereji yalishuka kutoka juu kwa zamu, nyumba moja baada ya nyingine. Desturi ya mahali pale ilikuwa kali: mwenye zamu asipofika na jembe lake kuyafungulia maji, zamu imempita, na jirani wa chini yake anaanza zamu yake mwenyewe.

Elisaria alipenda mbege, pombe ya ndizi, kuliko jembe. Wazee walimwambia pombe si chai, akacheka. Kila zamu yake ilipofika yeye alikuwa amelala kilabuni, na hata mbwa wa pale walikwisha kuzoea kumruka. Lakini ajabu, migomba yake haikufa. Kiangazi kilipounguza mteremko mzima, mikungu yake ilinenepa na watoto wake walikula. Basi akawatambia walevi wenzake kwamba shamba lake lina baraka, linajinywesha lenyewe.

Asubuhi moja alikuta mbege haijaiva, akarudi nyumbani akiwa na akili zake. Akamwona jirani yake wa chini, Kaanaeli, amezama kwenye tope hadi magotini, anayaelekeza maji kwenye migomba ya Elisaria. Kwanza Elisaria alipandwa na hasira, akidhani anaharibiwa shamba. Kisha akatazama chini, shambani kwa Kaanaeli. Migomba ya kule ilikuwa imeanguka, na majani yake yalifaa kuwashia moto tu.

Kaanaeli akasema, "Ndugu yangu, zamu yako ilikupita tangu alfajiri. Haya ni maji yangu, nimekupa wewe, wanao wasilale njaa."

 Elisaria alipiga magoti kwenye tope lile, akalia, akashukuru hadi sauti ikamkauka. Tangu siku ile hakuonja tena pombe. Hakuna aliyemkataza, ila kila kiu ilipomjia alimkumbuka Kaanaeli, na shukrani ikaishinda kiu. Zamu iliyofuata alikuwa wa kwanza mferejini, na maji yote aliyapeleka kwa jirani yake.

Wapendwa, namshukuru Kristo kwa moyo wangu wote, maana sisi sote tunaishi kwa zamu isiyokuwa yetu. Lakini wewe unayekunywa na nyumba yako bado imesimama, umewahi kujiuliza ni nani anayekauka kwa ajili yako?