Kwa Nini Baba Njiwa Ananyonyesha

Bibi Mamkunda alitusimulia haya tukimenya maharage.

Zamani njiwa wa msituni alikuwa na rangi moja, zambarau iliyoiva, tena aliishi karibu na nyumba za watu. Kulea ilikuwa kazi ya mama. Baba alileta vijiti vya kiota, basi.

Njiwa dume mmoja, Shemweta, alipata mtoto wa kwanza. Mama mkwe wake akaja kumhudumia binti yake, mzazi, kama ilivyo desturi. Kila asubuhi alipika uji mweupe, akaumwagia manjano juu. Mzazi akinywa, maziwa yanajaa kooni mwake, naye anamlisha mtoto mdomo kwa mdomo. Shemweta akisogea, mtoto anageuka. Hata wageni walimpita mlangoni wakiuliza, "Mzazi yuko wapi?" Wivu ukamkaba.

"Nami nionje huo uji, mama," alimwambia mkwewe, akitazama chini.

"Baba, wewe umezaa lini?" mkwe alimuuliza. Wageni walicheka nusura waanguke tawini.

Siku moja mkwe alikwenda kuokota kuni. Shemweta akaingia jikoni kwa mkwewe, jambo ambalo mwanamume hafanyi, akatumbukiza kichwa chunguni. Manjano yakampaka mdomo na kumzunguka macho. Uji uliokuwa ukitokota ukamrukia kifuani, ukaacha madoa meupe. Akanywa wote.

Mkwe aliporudi, alitazama chungu, akatazama ule mdomo wa manjano. "Haya, nyonyesha," alisema. Akafunga mzigo wake, akaenda zake.

Mtoto akalia. Koo la mama lilikuwa kavu. Shemweta aliinama kwa aibu, akamfungulia mdomo, na mtoto akanyonya, macho yamemtazama yeye tu.

Mkewe aliona. Sasa wivu ulikuwa wake.

"Mchana mchukue," alisema. "Usiku ni wangu, na nisikukute hapa."

Na tangu siku hiyo njiwa wa msituni ana madoa kifuani, na mdomo na macho yake yana manjano, ya baba yamekolea kuliko ya mama. Kwa aibu walihamia milimani, kwenye miti mirefu, na hawapendi kutazamwa. Hutaga yai moja. Mchana baba hulalia, usiku mama, na wote wawili wana maziwa kooni. Mchana ukimwona mmoja kiotoni na mwingine tawi la pili, hapepesi macho, huyo wa pili ni mama. Zamu yake bado, lakini amekwisha kuja.