Dozi ya Mtu Mmoja

Haya, tulieni. Anayetaka hadithi ya sungura atoke nje, leo sina mzaha.

Palikuwa na watu watatu. Mbonea alijua kusoma alama. Nakiete alijua kupika dawa. Shekue, dereva wa lori, hakujua lolote katika hayo, ila alikuwa na saratani ya damu na roho ngumu.

Ndani ya kila chembe ya mwili, jumbe ziitwazo RNA hupeleka maagizo: tengeneza hiki, acha kile. Jumbe hizo hutiwa alama ndogo za kikemia. Mbonea ndiye aliyeona kwamba katika damu ya Shekue alama zimezidi, na agizo la "kua, kua" halifutiki. Bila yeye, nani angejua pa kupiga?

Nakiete akapika dawa ya kukizuia kimeng'enya kinachotia alama hizo. Aliunguza, akamwaga, akaanza upya, mpaka mumewe akachoka kumsubiri akaoa kwingine. Bila yeye, ujuzi wa Mbonea ungebaki maneno matupu.

Na Shekue? Alitobolewa nyonga kutoa uboho, akalia, kesho yake akarudi. Dawa aliinywa wa kwanza. Kwa woga wakampa nusu dozi. Akapata nafuu, kisha saratani ikarudi na nguvu mpya. Ndipo wakajua: dawa hii haigawiki.

Sasa imetoka safi, dozi ya mtu mmoja. Mtambo wa kuipikia umekufa, dozi nyingine labda mwakani. Na ugonjwa uleule umempata mama yake Mbonea, na binti yake Nakiete. Msiniulize kwa nini. Umewapata, basi.

Wakakaa mezani. Hakuna aliyelia, machozi yalikwisha.

"Alama niliziona mimi," alisema Mbonea. "Na mama hali tena, ni uji wa kijiko tu."

"Mikono ni yangu," alisema Nakiete. "Na mwanangu hata shule hajaanza, kaka."

Shekue akaikunja kofia yake. "Mimi sina mama wala mtoto. Lakini mlinikosea kipimo nikanyamaza. Nami nataka kuishi, jamani."

Wakaitazama chupa. Hakuna aliyenyoosha mkono.

Nyie mlioropoka "mtoto!", ngojeni. Bila mwili wa Shekue, naye angepewa nusu. Nanyi wa Shekue, bila hao wawili angekuwa kaburini zamani.

Je, wewe ungempa nani? Ukishaamua, usinijibu mimi. Waendee wale wawili waliokosa, uwaambie kwa kinywa chako.